Nyota (*) kwenye kusachi imegoma baada ya apdeti

Wakuu, nimeapdeti programu yetu ya kusachi, sasa kwari (maneno ya kutafutia) za zamani zenye nyota, ile inayosimama badala ya herufi zozote, zimevurugika, zamani nikiandika Kitab* napata kila kitu leo napata sifuri, ila kitab* kwa herufi ndogo inaleta. Ndo niandike zote upya??

— Hujakosea mkuu. Neno lenye nyota mara nyingi halichambuliwi kama maneno mengine, yaani haligeuzwi herufi ndogo, na indeksi (orodha ya maneno ambayo programu inatafuta humo) imeshageuza kila kitu herufi ndogo, kwa hiyo hiyo K kubwa inatafuta kitu ambacho hakipo. Solr (programu ya kusachi) ya kabla ya toleo la 3.6 ilikuwa hivyohivyo. Elasticsearch, nayo ya kusachi, kuanzia 7.10 ina setingi ya case_insensitive (kutojali herufi kubwa au ndogo) ila inakuja imezimwa, lazima uiwashe mwenyewe.

— Angalia pia zile zinazoanza na nyota, kama *bu, hizo zinalazimisha kupitia maneno karibu yote ya indeksi, programu nyingine zinazikataa kabisa.

— Mi ningegeuza herufi ndogo kwenye kodi kabla ya kutuma, basi.

Aisee kweli, nimegeuza zimerudi. Zimebaki mbili za *bu, zinajikokota balaa 😅