Fundi wa chini ya mwarobaini, kuku wako wananywea maji kwenye boksi la gari langu!

Wakuu, mikono inatetemeka, nisameheni herufi. Nimetoka sasa hivi kwa yule fundi wa chini ya mwarobaini. Mnamjua. Yule mwenye kofia ya Ferrari ambaye Ferrari yenyewe kaiona kwenye kalenda.

KUKU WANANYWEA MAJI KWENYE BOKSI LANGU LA CHUJIO LA HEWA.

IST yangu, injini 1NZ, haikuwa na shida yoyote. Akaniambia, "Bosi, injini inakabwa koo, tuifungue ipumue." Kang'oa boksi zima na bomba lake la kuvutia hewa ya nje, kanipachikia chujio la koni, jekundu, limekaa uchi ndani ya boneti linavuta joto la injini. Hewa ya moto ni nyepesi, oksijeni kiduchu, sasa hiyo nguvu itatoka wapi? Imekuja kelele tu. Nikikanyaga, mtaa mzima unajua napita, halafu kupandisha Kimara napitwa na bajaji imebeba kabati!

Si hilo tu. Hilo koni kalimwagia oili mpaka linachuruzika, oili ikaenda kuganda kwenye waya wa sensa inayopima hewa inayoingia. Taa ya injini ikawaka, mashine ya kupimia ikasoma kodi P0171: petroli kidogo mno kwa hewa iliyopo. Narudi kudai boksi langu, namkuta tetea kalikalia, mwenzake anakunywa kwenye mfuniko. Nyie! Nainama nilichukue, fundi ananiambia, "Bosi taratibu, usimshtue, anataga."

ANATAGA. Ndani ya boksi langu.

Mzee wa Spea: Pole mkuu. Vifaranga wakitoka, mmoja ni wako kisheria.

Dada Vitz: IST unaitafutia nguvu ya kwenda wapi? Ungenunua chujio jipya la karatasi, bei ya chipsi kuku, ukalala. La zamani likishiba vumbi ndipo hewa inapokwama, boksi halina kosa.

Mleta uzi: Sijauliza habari za karatasi. Amesema USIMSHTUE. Mimi mwenye gari ndiye nisimshtue kuku!

Kondakta Mstaafu: Hayo mayai ya kienyeji anauzaje trei?

Bonge la Bwana: Wewe afadhali. Huyo huyo alining'olea themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, eti nchi ya joto haihitaji. Sasa injini inachelewa kupata moto, petroli inakwenda kama nina msafara.

Mzee wa Spea: Mimi pia nimetoa themostati, mwaka wa ngapi huu, sina shida.

Dada Vitz: Shida unayo, basi tu hujui kusoma geji.

Mzee wa Spea: Dada, heshima tafadhali. Nimeshika spana wewe unanyonya.

Mleta uzi: Jamani, tumemaliza suala la boksi?

Kijana wa Mbagala: Mimi walinikatia katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosti, wakaniwekea bomba tupu, "moshi utoke vizuri". Baadaye nikasikia vile vitu vina platinamu ndani, vinauzwa!

Bonge la Bwana: Eeeh! Vinauzwa wapi?

Kondakta Mstaafu: Mmeanza. Nani ana uzoefu na Noah inayonuka petroli asubuhi tu, mchana hainuki?

Dada Vitz: Weka picha.

Kondakta Mstaafu: Picha ya harufu?