Mwanafunzi kasema hadithi ya Zuhura ni uongo mtupu. Nimjibuje?

Mwalimu wa Sabaki (Malindi), 6 Mei

Habari za jioni, walimu wenzangu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu juzi, na mume wangu ameshachoka kulisikia, basi nawaletea nyinyi.

Nafundisha Kiingereza gredi ya tisa, ng'ambo ya daraja la Sabaki. Muhula huu nimejitia kiherehere cha kuwasomea watoto hadithi fupi za kisayansi, zile kongwe, maana vifungu vya ufahamu kuhusu faida za kunawa mikono vimewachosha, na mimi vimenichosha zaidi. Nikaanza na "All Summer in a Day" ya Ray Bradbury, iliyotoka mwaka 1954. Ni fupi, inakwisha kwa kipindi kimoja, na wahusika wake ni watoto wa darasani kama wao. Kwa asiyeijua: kwenye sayari ya Zuhura mvua hainyamazi, na jua huchungulia mara moja tu kila miaka saba. Watoto wa darasa lile wana miaka tisa, hawakumbuki jua likoje. Isipokuwa Margot, msichana aliyeletwa kutoka duniani akiwa na miaka minne. Yeye analikumbuka, na wenzake wanamchukia kwa kulikumbuka. Siku ya jua yenyewe wanamfungia kabatini, wanatoka kucheza, na wanamkumbuka mvua imesharudi.

Nilitoa kopi kumi na moja kwa pesa zangu, watoto wanne kwa kopi moja. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye kabati, darasa lilikuwa kimya hata unamsikia muuza samaki barabarani. Nikajisifu moyoni. Kumbe kijana wa dawati la nyuma ameinua mkono zamani.

"Mwalimu, hii ni uongo. Tumefundishwa Zuhura ni moto kushinda tanuri. Mvua itanyeshaje? Na hao watoto si wangeiva?"

Mwingine akadakia kwamba Margot huko kabatini ameshakuwa sambusa. Darasa likaangua kicheko, na kengele ikalia nikiwa bado nasema "sikilizeni, sikilizeni."

Kijana amesema kweli. Nami nilimjibu "ni hadithi tu," na neno halijatua nikaona haya. Ikiwa ni hadithi tu, kwa nini nimeandika ubaoni kwamba ni ya kisayansi?

Naombeni mnisaidie. Niwaambie mapema kwamba sayansi yake imepitwa, ndipo tusome? Au niiache? Nilikuwa nimepanga tufuate na "The Fun They Had" ya Isaac Asimov, ya mwaka 1951, ile ya watoto wa mwaka 2157 wanaofundishwa na mashine kila mtu nyumbani kwao, wakaokota kitabu cha karatasi wakakishangaa. Naogopa hiyo nayo itanitia aibu. Tableti za shule tunazo, lakini zimefungiwa kabatini kwa kufuli, kama Margot, na watoto wanajua ziliko.

Fundi wa Maabara (Kilifi), 6 Mei

Mwalimu, huyo kijana mpe pipi. Kisha mpe tarehe.

Mwaka 1954 hakuna aliyejua chini ya mawingu ya Zuhura kuna nini. Darubini zilikuwa zinaona weupe tu. Mawingu mazito, kwa hiyo wako wataalamu waliodhani kuna maji, vinamasi, hata bahari. Bradbury aliandika ndani ya pengo hilo. Tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha Marekani, Mariner 2, kikapita karibu na Zuhura na kupima joto, ndoto ya vinamasi ikafa. Tarehe 15 Desemba 1970 Venera 7 ya Warusi ikatua penyewe, ikatuma habari kwa dakika kama 23 hivi kabla ya kunyamaza. Joto: nyuzi 475 hivi. Risasi inayeyuka kwa 327, kwa hiyo hesabu ya sambusa ni sahihi. Mvua ipo kweli kule juu, ila ni ya asidi ya salfuriki, na hukauka kabla ya kugusa chini.

Usifiche haya. Waandike ubaoni, kisha waulize: ukitaka kuiokoa hadithi hii, utaihamishia wapi? Mimi ningeipeleka Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Kule ukungu ni mzito, jua halionekani vizuri, na mvua hunyesha kweli, mvua ya methani. Chombo cha Huygens kilitua huko tarehe 14 Januari 2005. Shida ni baridi: nyuzi 179 chini ya sifuri. Waambie wabebe sweta.

Kasim254, 7 Mei

Na mtihani unauliza Zuhura? Tumalizeni silabasi jamani.

Maalim wa Mkomani (Lamu), 7 Mei

Mwanangu Mwalimu wa Sabaki, mimi nimestaafu, sina silabasi ya kumaliza, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Swali lako lina jibu tulilolala nalo utotoni. Bibi yangu akikaa kwenye kitanda cha kamba, kabla hajasema lolote, alitaka tuitikie. Hadithi, hadithi! Nasi: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo tuliuita wenyewe, kwa hiari yetu, tena kwa kelele. Leo mtoto anasimama darasani anasema "hii ni uongo" kana kwamba ameshika mwizi. Wewe ulipaswa kumwambia: karibu, huyo ndiye mgeni tuliyekuwa tunamngoja.

Jambo la pili. Mtoto wa pwani hajui mvua ya miaka saba, lakini anajua bahari kufungwa. Muulize mtoto wa mvuvi: pepo za kusi zikivuma miaka saba, baba asitie ngalawa majini hata siku moja, nyumbani mtakula nini, mtagombana vipi, na siku bahari ikitulia kwa muda mfupi nani atabaki ndani? Utaona kama atacheka. Wazee wetu wana msemo: kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Nyota kundi dogo tu lile, na watu walipanga mashamba kwa kuliangalia. Watoto wako wana babu wanaojua haya. Watume wakaulize.

Mimi niliwahi kusoma na vijana hapa Lamu ile ya Asimov ya mwaka 1941, "Nightfall". Sayari yenye jua sita, usiku huingia mara moja kila miaka 2049, na watu wakiona giza na nyota wanapagawa, wanachoma mji wao. Kijana mmoja akaniuliza: "Maalim, kwani hawana sala ya kupatwa kwa jua?" Tulizungumza mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Na tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote hasa Makka, huku kwetu litamegwa sehemu tu, kwa hiyo hadithi hiyo iweke akiba ya mwaka huo.

Fundi wa Maabara (Kilifi), 7 Mei

Shikamoo Maalim. Nakuheshimu, ila hapo kwa bibi naomba kukupinga. Sungura akimpanda simba, hakuna aliyedai kwamba imepimwa. Hadithi ya kisayansi inajifunga yenyewe: inasema hili lingewezekana kwa tunavyojua leo. Imekopa kwa sayansi, na mkopeshaji akija mlangoni huwezi kumwambia "utamu kolea." Yule kijana alikuja kudai. Alipwe.

Maalim wa Mkomani (Lamu), 8 Mei

Marahaba. Alipwe, lakini asiondoke na godoro.

Mtoto wa Ngomeni, 9 Mei

Napita tu, mimi si mwalimu. Mwalimu wa Sabaki, uko kilomita chache kutoka kwetu na unatafuta Zuhura? Walete watoto Ngomeni wasimame ufukweni. Yale majukwaa ya chuma baharini ni ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita. Setilaiti zilirushwa pale kuanzia 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 palirushwa setilaiti ya Wamarekani ya kutafuta miale ya eksirei angani, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilikuwa sikukuu yetu ya Jamhuri, na msimamizi wa mradi, mama mmoja anaitwa Marjorie Townsend, akaipa jina Uhuru. Iko kwenye vitabu vya dunia nzima kwa jina hilo la Kiswahili.

Sasa angalieni tarehe ya Fundi hapo juu. Venera ilitua Zuhura siku tatu baadaye. Sisi hapa tunadhani mambo ya anga ni ya watu wa mbali, na baba zetu walikuwa wanavua changu mbele yake.

Mwalimu wa Sabaki (Malindi), 10 Mei

Mtoto wa Ngomeni, unajua nimepita barabara ile miaka sita na sijawahi kuuliza vile vyuma ni vya nini? Nilidhani ni vya mafuta. Nyamazeni, msinicheke.

Kasim, naomba unipishe.

Maalim, shikamoo. Godoro nimeelewa. Nitarudi kuwapa habari.

Mwalimu wa Sabaki (Malindi), 22 Mei

Nimerudi. Mambo hayakwenda nilivyopanga, lakini yalikwenda.

Nilianza na deni. Niliandika ubaoni 1954, 1962, 1970, nikamwita yule kijana wa nyuma asimame mbele awaeleze wenzake kwa nini Margot angeiva. Akaeleza vizuri kuniliko. Kisha nikauliza: basi huyu mwandishi alidanganya, alikosea, au alibuni? Nilidhani ni swali la dakika mbili. Likala kipindi. Wasichana wa mbele walishikilia kwamba huwezi kukosea jambo ambalo bado hakuna anayelijua. Kijana wa nyuma akasema kubahatisha si dhambi, lakini unapaswa kusema unabahatisha. Mmoja akauliza kama mtabiri wa hali ya hewa redioni yuko fungu gani. Sikuwa na jibu, tukamwacha mtabiri wa watu.

Kuhamisha hadithi: Titan haikupata hata kura moja, Fundi, nisamehe, methani waliinusa wakakataa. Kundi moja lilipeleka watoto kwenye jukwaa la Ngomeni wakati wa kusi, bahari imefungwa, chakula kinahesabiwa. Margot wao ni mvulana kutoka Kitui ambaye hajui kuogelea lakini ndiye pekee anayekumbuka embe linavyonukia likiwa mtini. Waliandika kwa Kiswahili bila kuniuliza. Niliacha.

Halafu Jumatatu iliyopita. Nilikuwa nimeamua tuisome tena ile ya Bradbury, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Nimesoma aya tatu, masika ikashuka. Mnajua mabati yetu. Nikapaza sauti, nikapaza tena, mwisho naona midomo yangu inacheza na hakuna anayesikia, hata mimi. Nikakaa. Watoto wakasogeza madawati pale panapovuja, mmoja akaleta ndoo ya kudekia, wakarudi kwenye kopi zao, vichwa vinne vinne, wanafuata mstari kwa kidole. Nje uwanja umekuwa kidimbwi, na maji ya mtaroni yana rangi ile ile ya chai ya maziwa ambayo Sabaki huipeleka baharini. Karibu nusu saa hivyo. Hakuna aliyetaja sambusa.

Mvua ilipopungua mpaka tukasikiana, msichana mmoja ambaye hasemi, muhula mzima hasemi, akainua mkono. Nilidhani anataka kwenda haja.

"Mwalimu, mwalimu wao aliwauliza kama wote wapo. Wakasema ndiyo. Akatoka nao." Akanyamaza kidogo. "Hakuita rejista?"

Nimeisoma hadithi hii sijui mara ngapi. Siku zote namwangalia Margot, nawaangalia wale waliomsukuma. Yule mama mwenye saa mkononi nilikuwa nampita kama kiti. Darasa likamgeukia kwa hasira, nikajikuta namtetea: labda ana watoto wengi, labda naye hajaliona jua miaka saba. Kijana wa nyuma akasema, "Hiyo si sababu, Mwalimu," na nikaona wananitazama mimi.

Jua likatoka muda huo huo, sitaki kuwaongopea kwamba nililipanga. Wakaomba watoke. Nikasema ngojeni, nikachukua rejista, nikasimama mlangoni nikaita jina moja moja, nao wanaitikia kwa madaha, wengine "nipo Zuhura!" Rejista ina 44. Walioitika 42. Moyo ukanipiga, nikaenda mpaka kwenye kabati la vitabu nikalifungua, wallahi, nikiwa najua fika kwamba halimtoshi hata mbuzi.

Wawili wale walikuwa wametoroka mvua ikianza. Tuliwakuta kwa muuza mabuyu, midomo myekundu, wamelowa chapachapa.

Maalim, ile ya jua sita una kopi inayosomeka? Nitakuja Lamu likizo ya Agosti, naweza kuipitia mwenyewe.