Nimeacha nyama na samaki, sasa harusi ya Newala inaninyima usingizi

Fundi_Mikindani aliandika:

Ndugu zangu, habari za usiku. Cherehani nimeshaifunika, nyumba imetulia, na jambo hili nimelibeba peke yangu tangu mwezi wa tatu. Leo naliweka hapa.

Nina miaka 29, nashona nguo Mikindani, ukoo wetu ni wa Newala. Huu ni mwezi wa nane sijala nyama, kuku, samaki, mayai wala maziwa. Siumwi. Sijakatazwa na daktari wala mganga, na dini yangu ni ileile.

Nilikuwa na banda la kuku wa kisasa nyuma ya nyumba, mia mbili kwa awamu, nawakuza wiki tano hadi sita nawauzia wenye shughuli. Awamu ya mwisho kulikuwa na mmoja aliyenenepa mpaka miguu ikashindwa kumbeba. Alikuwa anaburuza kifua kwenye maranda kufuata maji, na kabla hajafika wenzake wanamkanyaga. Siku nne nikawa namnyanyua, namweka penye chombo cha maji, nasubiri anywe, namrudisha pembeni. Siku ya tano ikaja oda ya kuku sitini. Nilimshika mimi mwenyewe akachinjwa. Alitulia mikononi mwangu kama alivyozoea kutulia nikimpeleka kwenye maji. Tangu siku ile nyama haipiti kooni. Banda nimelivunja, mabati nimeuza.

Samaki, mayai na maziwa niliviacha baadaye kidogo, baada ya kusoma. Nikakuta wenzetu wanaoishi hivi wanaitwa vegani, na kwamba neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, watu ambao nyama walishaacha wakaona maziwa na mayai nayo hayawatulizi. Nilifurahi kujua kuna waliopita njia hii kabla yangu.

Chakula chenyewe hakinisumbui. Mtu atalalaje njaa huku kwetu penye muhogo, mbaazi, kunde, njugu mawe, nazi na korosho? Kinachonisumbua ni watu. Nikisema "mimi nakula mboga tu", naambiwa "mboga ipo, leo tuna changu". Kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali, kwa hiyo hata lugha ya kujieleza sina. Wengine wanauliza kama nimekuwa Msabato. Shoga yangu mmoja aliniuliza taratibu, kwa huruma kabisa, kama kuna mtu kanitengeneza.

Sasa mwezi ujao korosho zitakuwa zimeuzwa na binti wa mjomba wangu anaolewa, Newala. Mnajua harusi zetu. Pilau linapikwa kwa supu ya nyama yenyewe, kwa hiyo hata nikizisogeza zile nyama bado nimeila. Tunakaa wanne au watano kwenye sinia moja, na kila mmoja anaona mkono wa mwenzake unakwenda wapi.

Na mjomba. Huyu ndiye aliyeninunulia cherehani ya kwanza kwa pesa ya korosho zake. Kila nikienda anachinja jogoo, na paja linawekwa kwangu. Namwambiaje mtu huyu kwamba jogoo wake simtaki? Nimefikiria kusema daktari kanikataza, yaishe. Mmoja wenu aliyepitia haya anisaidie.

MamaLishe_Stendi aliandika:

Mdogo wangu, nina miaka kumi na tatu napika stendi, nakuambia nilichokiona kwenye meza zangu. Wanaoagiza wali maharage kwangu ni wengi kuliko wanaoagiza wali kuku, na hakuna hata siku moja mtu alimuuliza mwenzake "mbona huli nyama?" Kila mtu anajua ni mfuko. Asiyekuwa nayo haulizwi. Anayeulizwa ni yule anayeweza kula akaacha, kwa sababu watu wanaona kama amekataa kitu chao. Hapo ndipo hofu yako ilipokaa, na nakuelewa.

Sasa sikia. Kosa kubwa ni kusema penye sinia. Pale umeshachelewa, macho yote yako kwako, hata sauti ikiwa ya upole inasikika kama dharau. Sema jikoni, tena mapema, na umwambie mtu mmoja tu. Mpigie mkaza mjomba. Mwambie: "Mimi nyama na samaki nimeviacha kwa hiari yangu, siumwi, nakuja siku moja kabla nisaidie kazi, na sufuria la mbaazi nitalipika mimi." Fika na kanga yako ya kazi. Menya vitunguu saumu, ukune nazi, ukeshe nao. Mtu aliyekesha jikoni hakuna wa kusema anaringa.

Mbaazi zipike vizuri, usiwapelekee watu chakula cha kuwasikitikia. Loweka tangu usiku, chemsha ziive zenyewe kwanza, tui jepesi litangulie, tui zito liingie mwisho moto ukiwa mdogo, na pilipili mbuzi nzima juu bila kuipasua. Mimi huongeza korosho mbichi zilizotwangwa kidogo, sosi inakuwa nzito. Pika sufuria kubwa, kwa sababu wazee wasio na meno watalikimbilia hilo kabla yako.

Na angalia viungo. Siku hizi hata kwenye mchicha watu wanatupia vidonge vya supu ya kuku, na kisamvu wengine wanatia dagaa wa kusaga. Uliza kabla, usiulize umeshashika tonge.

Kijana_Msimbati aliandika:

Mimi nitasema tofauti na sina nia mbaya. Baba yangu ni mvuvi, alikuwa anavua huku kabla hifadhi ya bahari haijaanzishwa mwaka 2000, na mimi nimesoma kwa pesa ya samaki. Nikisoma dada anasema samaki hapiti kooni, nahisi kama mikono ya baba yangu ndiyo inayoitwa michafu. Watu wa pwani tukiacha samaki tunabaki na nini? Haya mambo yametoka Uingereza, umesema mwenyewe.

Fundi_Mikindani aliandika:

Kaka, ahsante kwa kusema wazi. Kooni ni kwangu, na aliyemshika yule kuku ni mimi, kwa hiyo mikono ninayoihukumu ni yangu. Baba yako analala baharini ili ninyi mle na msome, na simnyooshei kidole. Nisingependa aache kazi kwa sababu yangu, na wala haniombi nile.

Kuhusu Uingereza, jina ndilo la kwao. Bibi yangu Newala alikaa wiki nzima na kisamvu cha karanga, kunde na ugali wa muhogo, na hakuwa na jina la kukiita. Tofauti yangu na yeye ni kwamba siku ya sikukuu yeye alikula kuku, na mimi siwezi.

Kijana_Msimbati aliandika:

Nimekuelewa dada. Sikubaliani lakini nimekuelewa. Nenda harusini.

Mwalimu_wa_Chuo aliandika:

Assalaam alaykum mwanangu. Nafundisha watoto Kurani hapa Mtwara mjini na swali lako nimeulizwa na wengine kwa namna nyingine, kwa hiyo nijibu upande ambao hujauuliza lakini utakutana nao kwenye sinia hilo. Kuna mtu atakuambia: unaharamisha alichohalalisha Mungu. Na aya ipo, Suratul Maida aya ya 87, inakataza kuharamisha vizuri tulivyohalalishiwa. Usiichukulie wepesi.

Lakini kuacha na kuharamisha ni mambo mawili. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliandaliwa nyama ya mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kwamba si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid akamvuta akamla, na Mtume anamtazama. Hakumkemea Khalid, na Khalid hakumlazimisha yeye. Imepokewa pia kwamba hakuwahi kukitia ila chakula: akikipenda anakula, asipokipenda anakiacha. Hayo mawili yashike. Sema "nafsi yangu haitaki", usiseme "hiki ni kibaya", na usikunje uso mwenzio anapokula. Hata mnyama wa Idi, ukijaaliwa kuchinja, si lazima ule wewe. Unaweza kuwagawia maskini wote.

La daktari liache. Huo ni uongo, na ni uongo mbaya kwa sababu utamtia mjomba wako wasiwasi juu ya afya yako. Atauza gunia la korosho akupeleke hospitali.

Muuguzi_Masasi aliandika:

Nitakuwa mfupi dada yangu, lakini tafadhali lisome hili mara mbili. Vitamini B12 haipo kwenye mbaazi wala kwenye mchicha wala kwenye korosho. Inatokana na vyakula vya wanyama. Mwili huwa na akiba yake kwenye ini, ndiyo maana miezi minane unajiona mzima, na akiba inaweza kukupeleka hata miaka. Ikiisha, damu inapungua na mishipa ya fahamu inaumia, ganzi ya mikono na miguu inaanza, na ukichelewa sana ganzi hiyo inaweza isiondoke. Wewe unaishi kwa vidole vyako. Nunua vidonge vya B12 duka la dawa, meza kama utakavyoelekezwa, na usiache. Siku ukipata ujauzito, sema kliniki mapema kabisa unavyokula.

Madini ya chuma utayapata kwenye kunde, mbaazi na majani, ila kamulia ndimu au kula embe pamoja navyo ndipo mwili uyachukue vizuri, na chai ya rangi isogeze mbali na chakula.

Fundi_Mikindani aliandika (baada ya harusi):

Nimerudi jana kwa basi la kupitia Tandahimba, vumbi mpaka kwenye kope. Niliahidi kimoyomoyo kwamba nitawaambia.

Mama lishe, nilimpigia mkaza mjomba wiki moja kabla. Alinyamaza, akauliza "una mimba?", nikasema hapana, akanyamaza tena, akasema "basi njoo na nazi zako". Nilikesha nao jikoni. Mbaazi zilikwisha kabla ya pilau, na sufuria walilikwangua watu ambao hata siwajui. Kwenye sinia nilikaa na wanawake watatu niliokuna nao nazi usiku. Walinimegea upande wangu wali mweupe na mbaazi, wakaendelea na mazungumzo yao.

Shangazi mmoja hakukubali. Alisema mbele za watu kwamba mjini nimejifunza kuwakimbia ndugu, na mpaka naondoka salamu yake ilikuwa ya mdomo wa juu. Iliniuma na bado inaniuma. Nitamfuata tena.

Jogoo nilimkuta amefungwa mguu kwenye mwembe. Mkaza mjomba hakuwa amemwambia mzee, alisema hilo ni langu kulisema. Mjomba alikaa kwenye mkeka, akaniuliza, "Jogoo wangu ana nini?" Mwalimu, nilikumbuka maneno yako. Nikasema jogoo hana kosa, mjomba, ni nafsi yangu. Kisha nikamsimulia yule kuku wa miguu mibovu, siku zote nne za maji na siku ya tano. Sikuwahi kumsimulia mtu ana kwa ana mpaka mwisho. Hakusema kitu. Aliinuka, akaenda kwenye mwembe, akalegeza kamba. Kesho yake asubuhi nilikuta mlangoni kwangu muhogo wa kuchoma bado wa moto, na korosho alizozikaanga mwenyewe, nyingine zimeungua upande mmoja.

Tukiwa tunasubiri basi aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu. Ana mizinga miwili kule shambani kwenye mikorosho. Akasema, "Na asali je?" Nimesoma kwamba vegani wengi hawali asali kwa sababu nyuki wameifanyia kazi kwa ajili yao. Mimi sijaila miezi hii kwa sababu sikuipata, sikuwahi kukaa nikaamua. Nilimwambia nitampigia simu Ijumaa. Kuna anayejua mizinga ya kienyeji inavunwaje, nyuki wanaachiwa kiasi gani?