Tupeane uzoefu: mtoto akiungua, kidonda chake mlikifunga na nini?

UmmuSalim, Kisauni
Assalamu alaikum jamaa. Leo siku ya kumi na moja tangu mwanangu wa mwaka na nusu ajimwagie uji. Ilikuwa saa ya futari, tumeketi mkekani, sufuria katikati kama kawaida yetu, nami nimegeuka kumpa babake tende. Kurudisha uso, kashauvuta upawa. Kifua na mkono wa kulia.

Mfereji ulikuwa mkavu tangu Jumatatu, lakini mtungi wa mchuuzi ulikuwa umejaa. Nikamvua fulana, nikawa nateka kwa jagi na kummwagia polepole. Nyanyake akaja mbio na dawa ya meno, jirani na yai bichi. Nikakataa vyote viwili, nikaonekana sina adabu.

Ila kilichonileta hapa ni bandeji. Tulikokwenda kwanza walimfunga shashi kavu juu ya kidonda chenyewe. Kesho yake, jamani, imegandana na nyama. Yule kijana akaishika ncha akaivuta vivyo hivyo. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na tangu hapo akiona mtu mwenye koti jeupe, hata muuza nyama, hujificha ndani ya buibui langu. Tulipohamia kwengine wakamfunga shashi ya mafuta, ile yenye matundu kama wavu. Siku ya kufunguliwa ikatoka yenyewe, akalia kidogo tu.

Sasa nauliza waliouguza watoto wa moto: nyinyi mlifungiwa na nini, na mlifunguliwa kila baada ya siku ngapi?

Tuktuk wa Bombolulu
Pole mama. Wangu ilikuwa chai, mguuni, ana miaka mitatu. Tulipewa krimu nyeupe ya silva, yaani yenye madini ya fedha, tukaambiwa tuipake nene kama siagi ya mkate, tufunge, na tuoshe kila siku. Mke wangu alishindwa, kazi ikawa yangu. Nikirudi magharibi, mtoto akisikia tu mlio wa tuktuk anaanza kilio, maana baba akija ni kuoshwa. Zamani mlio huohuo ulikuwa unamtoa mbio mlangoni.

Siku ya nne nikaona utando wa manjano juu ya kidonda. Nikasema huu usaha, nikambeba mbio. Kumbe ni krimu yenyewe imechanganyika na maji ya kidonda! Alipona wiki ya tatu. Doa bado lipo.

Bint Majengo
Sisi asali. Ya nyuki wa Taita, shangazi alituletea. Tuliipaka juu ya shashi, si juu ya kidonda, tukafunga. Siku tisa kidonda kikafunga. Mniseme mtakavyo.

Nesi wa Usiku
Bint Majengo, sikusemi, asali ina ushahidi wake kwa vidonda vya moto visivyokwenda chini sana. Lakini ile ya hospitali huwa imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya chupa ya dukani hatujui imepitia mikono mingapi, wala imetiwa sukari kiasi gani. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa.

Kakangu wa tuktuk, utando ule ndio mojawapo ya sababu krimu ya silva inaachwa pole pole kwa watoto. Unatuziba macho, hatuoni kidonda kimekwenda chini kiasi gani, na tukiusugua kila siku twaondoa na ngozi changa inayoanza kuota. Mtoto wa chini ya miezi miwili hapakwi kabisa. Siku hizi kuna vitambaa vyenye silva ndani yake: vinakaa siku tatu, vyengine mpaka saba, bila kufunguliwa. Ni ghali, sikatai, na si kila pahali utavipata. Lakini hesabu nauli, hesabu siku za kazi ulizopoteza, halafu hesabu kilio.

Msingi ni kwamba kidonda cha moto chataka unyevu, si ukavu. Chini hukaa kitu kisichoganda, juu yake pamba au shashi nene ya kunyonya maji, kisha bandeji. Hata wakikufunga shashi kavu, una haki ya kusema: "Sista, irowesheni kwanza." Maji ya chumvi ya hospitali yenye uvuguvugu, dakika kadhaa, inaachia. Na mtoto apewe dawa ya maumivu nusu saa au dakika arubaini na tano kabla, si baada ya kulia. Wengi wetu hatuwaambii wazazi hili, tunakimbizana na foleni.

UmmuSalim, ulifanya sawa na lile jagi. Ni dakika ishirini za maji ya baridi ya kawaida, si barafu, na hata ukichelewa, ndani ya masaa matatu bado yanasaidia.

Ngalawa ya Likoni
Mie niliandikiwa "shashi ya parafini". Nikamwambia daktari, mwanangu kaungua na jiko la mafuta ya taa, nawe wataka kumfunga mafuta ya taa? Akacheka mpaka akavua miwani. Ni mafuta laini kama yale ya kujipaka, wenzangu, msiogope kama mimi.

Mama Viazi Karai, Kongowea
Nami niseme langu, ingawa lanichoma. Binti yangu alitia mkono kwenye karai la mafuta akiwa na miaka miwili. Kule tulikotibiwa vidole vilifungwa pamoja, mkono mzima kama ngumi ya bondia. Mie sikujua. Kilipopona, kidole cha mwisho na cha pete vimeshikana, na kiganja chavuta ndani. Amefanyiwa upasuaji wa kuviachanisha. Sasa yuko darasa la tatu, anaandika kwa mkono huohuo, lakini kila usiku twaupaka mafuta na kuunyoosha, na bado usiku mwengine hukataa.

Mkiona mkono umeungua, ulizeni kama kila kidole kimefungwa peke yake. Ulizeni hata mkikaripiwa.

Nesi wa Usiku
Pole sana mama. Ndivyo itakiwavyo, kila kidole na shashi yake. Kuungua mkono, uso, nyayo, sehemu za siri au juu ya kiungo ni kwenda hospitali kubwa, hata kama ni padogo. Kwa kukadiria ukubwa, chukua kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake: hicho ni karibu asilimia moja ya mwili. Vikifika kumi, usibaki zahanati. Na mkumbuke kuuliza sindano ya pepopunda.

Jengine: bandeji ikiwa safi kwa nje na mtoto ana homa, anatapika, anaharisha au ametoka vipele, msingoje siku ya miadi. Sumu ya vijidudu yaweza kuingia hata kwa kidonda kidogo, na kwa watoto huenda mbio.

Tuktuk wa Bombolulu
Sista, wewe ungekuwa zamu ile siku yangu!

UmmuSalim, Kisauni
Nimerudi. Leo tumefunguliwa. Niliomba waroweshe, sista akaguna, lakini akarowesha. Kisha akampa Salim ncha ya bandeji, akamwambia vuta wewe mwenyewe. Akavuta, akasita, akaniangalia, akavuta tena. Kifua kimefunga, kina rangi ya waridi. Mkono bado kidogo, wamesema siku nne tena.

Shashi iliyobaki amekuja nayo nyumbani ndani ya karatasi yake. Tangu mchana anamkimbiza paka.