Msaada: karatasi ya matokeo ya riadha ya binti yangu siielewi

Mama wa Umoja
Habari za jioni, wanajukwaa. Binti yangu ana miaka 15, anakimbia mita 200 na mbio za kupokezana vijiti. Kocha hututumia matokeo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na hapo ndipo ninapokwama. Jumamosi alimaliza wa tatu katika mchujo, akawekewa "q" ndogo, akaingia fainali. Mtoto wa jirani naye alikuwa wa tatu katika kundi lake lakini hakupita. Kwenye fainali binti akawa wa sita, ila alitoka uwanjani akiruka kwa furaha eti amepata PB. Kando ya muda wake pameandikwa +1.4. Wengine wana DQ, wengine DNS. Tukiwa kwenye matatu nataka nimuulize maswali ya maana, si "ulikuwa namba ngapi?" tu.

Kocha mstaafu
Mama, karatasi hizo tunazituma kana kwamba kila mzazi aliwahi kukimbia. Tuanze na Q. Chukulia makundi matatu ya mchujo na fainali ya watu wanane. Wawili wa kwanza kila kundi wanapita kwa nafasi zao. Hao sita ndio Q kubwa. Nafasi mbili zinazobaki wanapewa wenye muda bora kati ya wote waliosalia, wawe wametoka kundi lolote. Hao ndio q ndogo. Bintiyo na wa jirani walikuwa wa tatu wote, lakini muda wa bintiyo ulikuwa bora. Ndiyo maana nawakemea watoto wanaolegeza mwendo kabla ya utepe wakishaona wamepitwa.

PB ni muda wake bora tangu aanze kukimbia, SB ni bora wa msimu huu. Kwa umri wake, PB ndiyo ninayoitazama kwanza. Septemba 2021, hapa uwanja wa Kasarani, Nairobi, Mkenya Ferdinand Omanyala alimaliza mita 100 wa pili, nyuma ya Mmarekani Trayvon Bromell. Muda wake wa sekunde 9.77 ukawa rekodi ya Afrika. Anayeuliza nafasi peke yake angempa pole siku ile!

Hiyo +1.4 ni upepo uliomsukuma kutoka nyuma, mita 1.4 kwa sekunde. Ukizidi 2.0, nafasi yake inabaki lakini muda haukubaliwi kuwa rekodi. Alama ikiwa ya kutoa, upepo ulimpiga usoni.

Baba Kayole
Niongeze la saa. Mashindano mengi ya shule hupimwa kwa saa ya mkononi. Mshika saa huchelewa kidogo kubonyeza saa bastola inapolia, kwa hiyo muda hutoka mzuri kuliko ulivyo. Kwa mita 200, kawaida huongezwa sekunde 0.24 ili kuulinganisha na wa mtambo wa kielektroniki. Kijana wangu alitoka 23.3 ya mkononi akapata 23.50 kwenye mtambo, akalia usiku mzima akidhani amerudi nyuma. Kumbe alikuwa ameboresha.

Mshika kijiti wa nne
DNS hakuanza, DNF hakumaliza, DQ ameondolewa. Kwenye mbio fupi DQ nyingi ni za kutoka kabla ya mlio au kukanyaga leni ya mwenzake kwenye kona. Kwenye mita 100 mara nne, kijiti lazima kibadilishe mikono ndani ya eneo la mita 30. Kinachoangaliwa ni kijiti chenyewe, si miguu ya mkimbiaji. Kikianguka, aliyekiangusha anaweza kukiokota na mbio zikaendelea, mradi asifupishe njia wala kumzuia mtu. Mama, ukiona kimeanguka usifunike uso, endelea kupiga kelele!

Mama Wawili, South B
Naheshimu maelezo yote, ila mtoto wangu aliacha riadha kwa sababu baba yake alijifunza haya yote kisha akawa kocha wa pili mezani. Msikilize kwanza.

Kocha mstaafu
Mama Wawili, hapo sikupingi. Muulize mtoto, "Kona ulionaje?" kisha nyamaza. Atamwaga mwenyewe.

Mama wa Umoja
Asanteni sana, nimezinakili zote. La mwisho: anataka njumu za kukimbilia, na dukani bei haishikiki. Za mitumba, soko la Gikomba, zafaa?

Baba Kayole
Zafaa kabisa, sisi tulipata huko. Nenda naye azijaribu, zimbane kidogo lakini vidole visijikunje. Na ulizia kama meno yanafunguka, kwa sababu uwanja wa tartani, ule wa mpira, haukubali yanayozidi milimita 9, na yakishashika kutu hayatoki.