Mjadala: Vibao vya miaka ya 80 vyenye Kiswahili kilichopinda, tukivipiga tunyooshe au tuache?

Mpanga Sauti
Wakuu, hoja iko mezani. Kuna vibao vya nje vya miaka ya 80 vilivyotiwa Kiswahili, au kitu kinachojifanya Kiswahili, na bendi zetu za hotelini na harusini zinavipiga mpaka leo. Ugomvi wa mazoezini ni uleule: mwimbaji afuate rekodi neno kwa neno, au anyooshe lugha?

Ninavyovizungumzia ni hivi. "Liberian Girl" ya Michael Jackson, iliyo kwenye albamu ya Bad ya 1987, inafunguliwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Maneno yaliyochapishwa ni "Naku penda piya, naku taka piya, mpenziwe". "All Night Long" ya Lionel Richie ya 1983 ina kipande cha kuitikiana katikati chenye "jambo" ndani yake. Boney M. walirekodi "Malaika" mwaka 1981, kisha 1983 wakatoa "Jambo – Hakuna Matata", toleo lao la "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa.

Msimamo wangu: kosa la kweli linyooshwe, ila uhesabu silabi kwanza. Ukiongeza silabi moja mahali ambapo ngoma haina nafasi, sarufi itakuwa safi na wimbo utakuwa unachechemea.

Sarufi Kwanza
Naunga mkono, na nianze na hilo "mpenziwe", maana ndilo linaloumiza zaidi.

Kiambishi -we mwishoni mwa nomino ya mtu ni ufupisho wa "wake". Mumewe ni mume wake, mkewe ni mke wake, mwanawe ni mwana wake. Nafsi ya kwanza inachukua -ngu: mwanangu, mwenzangu, mamangu. Kwa hiyo "nakupenda pia, nakutaka pia, mpenziwe" maana yake ni kwamba huyu dada anamwambia bwana, "nakupenda wewe, mpenzi wa yule". Amemtongoza mpenzi wa mtu hadharani, tena kwenye albamu iliyouzwa dunia nzima.

"Naku penda" kuandikwa mbalimbali ni kosa la mpiga chapa tu, halisikiki masikioni. "Piya" nayo isitusumbue, wapo wa pwani wanaoiandika hivyo. Ni "mpenziwe" peke yake inayobadili maana.

Dawa ni rahisi kwa sababu maneno yale yanasemwa, hayaimbwi. "Mpenziwe" ina silabi nne (m-pe-nzi-we), "mpenzi wangu" ina tano. Katika maneno ya kusema, silabi moja ya ziada inameza nusu sekunde na hakuna anayeumia.

Besi Tanga
Mwalimu, umekimbilia hukumu. Nani kasema ni "mpenziwe"? Hiyo ni karatasi ya albamu, na karatasi hiyohiyo ndiyo iliyokata "naku" na "penda". Mtu aliyeshindwa kuunganisha kitenzi unamwamini aliposhika kiambishi?

Mimi nasema ni "mpenzi wee". Wee ya kuita, ileile iliyo ndani ya "Malaika", pale kwenye "na mali sina wee". Nyimbo za dansi na taarabu zimejaa wee za namna hiyo na hakuna anayezipeleka darasani.

Sarufi Kwanza
Hoja nzuri, na ina kipimo chake. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa ni neno moja, mkazo uko kwenye nzi: mpeNZIwe. Ikiwa ni maneno mawili, uko kwenye pe: mPEnzi, halafu "wee" inavutwa. Vaa spika za masikioni, rudia sekunde zile mara kumi, sikiliza ni wapi sauti inapanda.

Besi Tanga
Nimerudia. Nasikia PE.

Sarufi Kwanza
Nami nasikia NZI. Basi.

Mpanga Sauti
Haya, hapo mmenipa jibu la mazoezini bila kukubaliana. Mwimbaji aseme "mPEnzi wee" kwa mkazo ulio wazi. Silabi ni nne zilezile, sauti inakaribiana na rekodi, na maana imenyooka. Mgeni aliyezoea rekodi hatagundua, wa Tanga na wa Mombasa hatacheka.

Ila jambo moja linaloharibika mara nyingi: m ya mwanzo. Katika "mpenzi" hiyo m ni silabi kamili, inahitaji pumzi yake. Waimbaji waliokariri kutoka kwenye rekodi za nje huifanya "empenzi" au huimeza kabisa ikawa "penzi". Mfundishe afumbe midomo, atoe mlio wa m kwa urefu wa robo ya pigo, ndipo afungue kwenye pe. Asiweke irabu yoyote mbele.

Mtazamo wa Tatu
Mnapima mikazo, lakini mnasahau kichwa cha wimbo. Msichana ni wa Liberia. Liberia lugha yao rasmi ni Kiingereza, na lugha zao za asili ni za Afrika Magharibi. Kiswahili hakina kiti pale. Hata ukinyoosha hiyo sentensi mpaka ing'ae, bado binti wa Monrovia anaongea lugha ya upande wa pili wa bara.

Na si wimbo huo peke yake. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, wakati "We Are the World" inarekodiwa Hollywood, Stevie Wonder alipendekeza mstari wa Kiswahili uingizwe. Kukazuka ubishi, mwimbaji mwenzake Waylon Jennings akaondoka studio, na ikasemwa wazi kwamba fedha zinachangwa kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, ambako watu hawazungumzi Kiswahili. Mstari ukaachwa. Mnaona mtindo? Miaka ile Kiswahili kilikuwa muhuri wa "Afrika" yoyote ile. Ndiyo maana naona mnapoteza muda na viambishi. Iacheni ilivyo, iwe ushahidi wa zama zake.

Kinanda cha Zamani
Hapo umegusa penyewe. Kuna na upande wa pili: sisi nasi tunasikia Kiswahili ambako hakipo. Ule mwitikio wa mwisho wa "Wanna Be Startin' Somethin'" ya Michael Jackson, watu wazima na akili zao wanaimba "mama sema". Hakuna "sema" pale. Umetoka kwenye "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kamerun ya 1972, na makossa ni muziki wa Waduala. Dibango alidai haki yake na wakamalizana nje ya mahakama. Kwa hiyo bendi inayoandika "mama sema" kwenye karatasi ya waitikiaji inasahihisha kitu ambacho hakikuwa chetu.

Na "All Night Long" vilevile. Kile kipande cha katikati Richie alikitunga tu, ni maneno ya kubuni yenye mlio wa mbali. "Jambo" imedondokea humo kama zabibu kavu kwenye pilau. Hakuna sarufi ya kunyoosha kwa sababu hakuna sentensi. Mimi ningeshika mlio na mapigo, basi.

Mkaazi wa Kisauni
Ndugu zangu, mwazungumza kana kwamba watu wa nje peke yao ndio walopinda. Hebu tuje kwa "Jambo Bwana", maana hapo ndipo watu wa bara hupenda kutupiga mawe.

Wimbo ni wa Teddy Kalanda Harrison, Them Mushrooms waliurekodi 1982, na bendi ilikuwa ya hoteli za watalii. Wasemao "Jambo si salamu, sema hujambo" wasome kwanza wimbo waimbiwa nani. Mgeni alotoka uwanja wa ndege asubuhi hawezi kushika hujambo, hamjambo, hatujambo. Amepewa neno moja la kumtosha likizo ya siku kumi na nne. Hiyo ni kazi ya mtunzi mjuzi.

Na ujuzi wenyewe u ndani ya neno lifuatalo: "wageni mwakaribishwa". Hapo hakuna "mnakaribishwa". Ni mu-a-karibishwa, wakati wa -a-, Kiswahili cha pwani kilichosimama wima. Boney M. wakauchukua ukaenda Ujerumani. Kosa likitafutwa, litafutwe kwenye majina ya watunzi watu wanayoyajua na wasiyoyajua. Mtu wa Ulaya alojua "hakuna matata" miaka ile, ni wangapi waloweza kumtaja Kalanda? "Malaika" ndiyo mbaya zaidi: Fadhili William aliurekodi, na mpaka leo wapo wasemao ni wa Adam Salim.

Sarufi Kwanza
Kwa "mwakaribishwa" nakuvulia kofia. Lakini "mzuri sana"? Habari iko ngeli ya I-/ZI-. Habari ni nzuri. Karibu kila mahali imechapwa "mzuri", na hotelini ndivyo wanavyoimba.

Mpanga Sauti
Hapa ndipo hesabu ya silabi inapokuwa na faida, tulieni kidogo.

"Mzuri sana" ni m-zu-ri-sa-na, tano, kwa sababu m inasimama peke yake. "Nzuri sana" ni nzu-ri-sa-na, nne, kwa sababu n haisimami, inagandamana na z. Ukibadili herufi moja umepoteza noti moja, na noti unayopoteza ni ile ya kuingilia, inayomrusha mwimbaji kwenye zu. Ndiyo maana bendi ikijaribu "nzuri" bila maandalizi, waitikiaji wanaingia mapema kwa nusu pigo, nusu yao wanarudi kwenye "mzuri", na kinachosikika ni fujo.

Njia ni mbili. Ya kwanza, weka "ni nzuri sana": ni-nzu-ri-sa-na, tano, noti zimerudi zote na sarufi imetulia. Ya pili, acha pengo pale ilipokuwa m, gitaa lijaze, sauti ziingie moja kwa moja kwenye nzu. Ya kwanza ni salama zaidi kwa waimbaji wengi. Usijaribu "njema sana" kwa kudhani umepata tano, ni nne vilevile.

Besi Tanga
"Ni nzuri sana" inasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Mpanga Sauti
Ukiimba polepole, ndiyo. Kwa kasi ya wimbo "ni" inapita kama upepo.

Kinanda cha Zamani
Kabla hamjafika mbali: kuna anayetaka kunyoosha na jiografia? "Africa" ya Toto (1982) inaweka Kilimanjaro juu ya Serengeti. Kutoka Seronera mpaka kileleni ni zaidi ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka, na milima ya Bonde la Ufa iko katikati. Mita 5,895 ni nyingi, lakini macho yana mipaka. Mwenye kutaka mlima juu ya mbuga aende Amboseli.

Huo siugusi. Majina yenyewe yameimbwa na mkazo sahihi, ki-li-ma-NJA-ro, se-re-NGE-ti, jambo ambalo ni adimu. Nguvu zenu ziende kwenye ala. Ile sauti ya marimba ndogo ilitoka kwenye kinanda cha Yamaha GS1, na zile tarumbeta za mwanzo ni CS-80, kinanda kingine cha Yamaha. Hizo ni sauti mbili tofauti, na bendi nyingi zinazichanganya kwenye kibonye kimoja halafu zinashangaa mbona wimbo umekuwa uji. Gawa kinanda: mkono wa kushoto tarumbeta zenye mwanzo laini, mkono wa kulia sauti kavu inayokufa haraka, bila mwangwi mrefu.

Karani wa Haki
Niingize la kisheria, kwa sababu "tunyooshe" mnaitamka kama kubadili nyuzi za gitaa.

Jukwaani, suala la leseni kwa kawaida ni la ukumbi, na hakuna atakayekufuata kwa kuimba "mpenzi wangu". Kurekodi ni habari nyingine. Kava, yaani kurekodi upya wimbo wa mtu, inayofuata maneno na tuni ina utaratibu wake wa leseni. Ukibadili maneno ukarekodi, umeingia kwenye kutohoa kazi ya mtu, na hiyo inahitaji ruhusa ya mwenye haki. Utaratibu ziulizeni taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kabla ya kulipia studio. Na mkipandisha mtandaoni, mifumo ya kutambua muziki inashika tuni yenyewe, kwa hiyo kubadili maneno hakutaficha wimbo ni wa nani.

Mtazamo wa Tatu
Basi nami nitoe swali la mwisho kwa wanyooshaji. "Malaika" umeandikwa kwa kinywa cha mwanamume: "ningekuoa malaika". Miriam Makeba aliuimba hivyohivyo. Mwanamke haoi, anaolewa. Hapo sarufi haina kosa hata moja, ila mwimbaji wenu ni dada. Mnafanya nini?

Besi Tanga
"Ungenioa". U-nge-ni-o-a, silabi tano kama ni-nge-ku-o-a, mkazo palepale kwenye o. Imeingia kama soksi.

Mkaazi wa Kisauni
Imeingia kwenye mapigo, haikuingia kwenye kisa. Alokosa mali ndiye ashindwaye kuoa, maana mahari yatoka kwake. Dada akisema "mali sina, ungenioa", tangu lini mali ya bibi ndiyo ilipe mahari yake mwenyewe?

Besi Tanga
Mmmh.

Mpanga Sauti
Kwa hapo mimi namwachia dada "ningekuoa". Anasimulia maneno ya kijana, kama shairi. Mwenye njia nyingine yenye silabi tano aiweke hapa.