Tupeane uzoefu: migahawa ya kawaida tunayoirudia, hapa Mwanza na tunapokuwa safarini

Mla Samaki wa Kirumba (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, salaam. Naomba tupeane uzoefu kuhusu migahawa ya kawaida ambayo kila mmoja wetu huirudia bila kualikwa wala kushawishiwa na mtu. Sizungumzii hoteli kubwa zenye vitambaa vyeupe mezani. Nazungumzia mahali unapokaa kwenye benchi la mbao, ukanawishwa kwa maji ya vuguvugu kutoka kwenye birika, ukala ukashiba, kisha ukajikuta kesho yake miguu inakupeleka palepale.

Naanza mimi. Kwa miaka tisa nimekuwa nikila chakula cha mchana kwenye kibanda kimoja karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mpishi ni mama wa makamo asiyeandika orodha ya vyakula popote. Ukiingia unamwamkia, unamuuliza leo kuna nini, naye anakujibu kulingana na kilichoshuka kwenye mitumbwi asubuhi. Kuna siku hujibu kwa neno moja tu, “Sato”, na siku hiyo hakuna kingine. Mwanzoni jambo hili lilinikera, kwa kuwa nilitoka nyumbani nikiwa na hamu ya dagaa. Baadaye nilielewa sababu. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale tu giza linapokuwa nene, kwa hiyo mwezi unapokaribia kuwa mpevu wavuvi wengi wa dagaa hupumzika na dagaa wabichi huadimika sokoni. Wapo wenzake wanaojaza pengo hilo kwa dagaa wa zamani waliokaa ghalani, lakini yeye hufunika sufuria na kusema hakuna. Nimefika mahali ambapo naweza kukisia umri wa mwezi kwa kutazama sahani yangu.

Hata dagaa wakavu anao utaratibu nao. Hununua wale waliokaushwa kwenye chanja, si wale waliotandazwa mchangani, na bado huwaosha kwa maji ya moto mara tatu kabla ya kuwakaanga kwa vitunguu na nyanya. Mtu aliyewahi kusaga mchanga kwa meno yake akiwa katikati ya chakula kitamu ataelewa kwa nini namheshimu mama huyu kwa jambo dogo kama hilo.

Hata hivyo, kilichonifunga kwake ni sato wa chukuchuku. Humpara magamba akiwa bado na ute, hutazama matamvua kama ni mekundu, kisha humchemsha kwa chumvi, ndimu, nyanya, kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, bila tone la mafuta. Mchuzi unatoka mwepesi, na mafuta machache yanayoelea juu ni ya samaki mwenyewe. Mimi naamini samaki aliyechacha anaweza kufichwa ndani ya mafuta yanayochemka, lakini ndani ya maji na chumvi hana pa kujificha. Kwa hiyo nikifika mji nisioujua, kokote pale, huagiza kwanza samaki wa kuchemsha, na jinsi mpishi anavyolipokea ombi hilo hunieleza mengi kabla sijaonja chochote.

Nikiwa Dar es Salaam huenda soko la Feri, Kivukoni, ambako unamnunua samaki wako mwenyewe kisha unawalipa wakaangaji wakukaangie. Huko navunja kanuni yangu ya kuchemsha, kwa sababu samaki nimemchagua mimi na macho yake nimeyaona.

Karibuni. Ni wapi, na ni kitu gani hasa kinachokurudisha?

Dereva wa Sengerema

Mimi nimeendesha gari la mizigo kati ya Mwanza na Geita kwa muda mrefu, na mgahawa wangu ulikuwa Kigongo, pale tulipokuwa tukisubiri kivuko cha kwenda Busisi. Waliopita njia ile wanakumbuka foleni. Ungeweza kufika saa nne asubuhi ukavuka saa nane mchana, na katika saa hizo zote mtu alihitaji kula. Kulikuwa na mama mmoja aliyetuuzia wali na sangara wa kukaanga, vipande vinene vyenye ngozi iliyokauka vizuri, pamoja na mchuzi wa nyanya chungu. Alitufahamu madereva kwa magari yetu. Ukichelewa, alikuwekea sahani yako na kuifunika, na kama zamu ya kuingia kwenye kivuko ilikukuta katikati ya tonge, alimtuma kijana wake alete chakula hadi dirishani, nawe ukalipa siku ya kurudi.

Tangu Daraja la JPM lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, safari ile ya kilomita 3 juu ya maji inamalizika kwa dakika chache tu. Nalishukuru sana daraja hilo, kwa kuwa nimeshuhudia wagonjwa wakisubiri kivuko katika hali ambayo sipendi kuikumbuka. Lakini nasema kwa moyo wote kwamba ule wali na sangara naukosa. Nilimtafuta yule mama, nikaambiwa amehamia Usagara, nikampata. Anapika vilevile. Tofauti ni kwamba zamani nilikula kwa sababu nilikuwa nasubiri, na sasa nasimama kwa sababu nimeamua kusimama, na naona naye amelitambua jambo hilo, kwani siku ya kwanza aliponiona alinipakulia mwenyewe badala ya kumwachia binti yake.

Binti wa Kashai

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni wa Bukoba ninayefanya kazi Mwanza, kwa hiyo kwangu nyumbani na safarini vimechanganyika.

Hapa Mwanza narudi kwenye mgahawa mmoja mdogo ulio mwendo mfupi kutoka bandarini, kwa sababu ndizi zake hushushwa kutoka kwenye meli na kufika jikoni zikiwa bado mbichi kabisa. Ndizi za kupika hazisubiri. Zikianza kuiva zinakuwa na utamu usiotakiwa na kulegea kabla ya wakati. Mpishi wa pale ni Mhaya mwenzangu. Huzipika pamoja na maharage katika chungu kimoja, zinakolea rangi, na huzipakua zikiwa za moto sana. Ndizi zilizopoa zinakakamaa, na huwezi kuzirudishia uhai wake kwa kuzipasha. Nimewahi kumwona akimwomba mteja radhi na kumwambia asubiri dakika 20 chungu kingine kiive, ilhali sufuria ya kwanza ilikuwa na ndizi za kutosha sahani mbili. Mteja aliondoka kwa hasira. Mimi nilibaki, na tangu siku hiyo sijala ndizi mahali pengine hapa mjini.

Nikipanda MV Victoria jioni, tunapita Kemondo alfajiri na kushuka Bukoba asubuhi, nami sitoki bandarini kwenda nyumbani moja kwa moja. Kuna banda linalouza chai ya rangi na samaki mkavu wa kuchemsha kwa nyanya, na mwenye banda hukutilia mkononi punje chache za kahawa ya kutafuna bila kukudai chochote. Ikiwa ni Novemba au Desemba, msimu wa mvua unaoleta senene, basi hupatikana pia senene waliokaangwa kwa chumvi na kitunguu. Wenzangu wa ofisini huwaogopa mpaka waonje. Nimewaletea mara mbili, na mara ya pili sikubakiwa na hata mmoja.

Kaka wa Kirumba, nakubaliana nawe kuhusu samaki wa kuchemsha. Ila usiache kumjaribu sato aliyekaushwa kwa moshi kisha akaungwa kwa karanga. Huyo naye anahitaji mpishi mkweli.

Mwanafunzi wa Nyegezi

Mimi bado nasoma, kwa hiyo uwezo wangu wa kusafiri ni mdogo, lakini napenda kutaja mapanki. Viwanda vya samaki hapa mjini huchukua minofu ya sangara kwa ajili ya kuuza nje ya nchi, na vichwa na mifupa iliyobaki huuzwa kwa wananchi. Wapo wanaoona aibu kutamka kwamba wanakula mapanki. Mama lishe ninayekula kwake huyaosha kwa ndimu, huyakaanga mpaka mifupa myembamba inatafunika, na nyama iliyo shavuni na nyuma ya kichwa ni laini kuliko mnofu wenyewe. Nakula pale na ugali wa dona kwa shilingi 2,000, nami nakwenda kwa sababu ni chakula kizuri, si kwa sababu ya bei peke yake.

Msafiri wa Magu

Naomba nieleze upande wa barabarani, kwa kuwa nasafiri mara kwa mara kwenda Dodoma na Dar es Salaam kwa basi. Mwaka jana tulishushwa kwenye mgahawa mmoja wa njiani, ambao sitautaja, tukapewa dakika 15. Nilinunua kuku na chipsi kwa bei ya juu, na kwa ladha yake nikatambua kwamba kuku yule alikuwa amekaangwa jana yake na kurudishwa kwenye mafuta. Niliugua tumbo mpaka Morogoro. Abiria anayeshushwa kwa dakika 15 hana nafasi ya kuuliza, kunusa wala kurudisha chakula, na wapo wauzaji wanaoijua hali hiyo na kuitumia.

Tangu wakati huo nabeba michembe. Kwa wasiofahamu, ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa juani mpaka vikauke. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe huitwa matobolwa. Wazee wetu wa Usukumani waliviweka kwa ajili ya kiangazi. Mama yangu huichemsha michembe na kuichanganya na karanga zilizotwangwa, naiweka kwenye chombo chenye mfuniko, na safari nzima sina wasiwasi. Mahali pekee ninaposhuka kula ni Singida, kwa mzee mmoja anayechoma kuku wa kienyeji mbele ya macho yako. Huyo nina hakika naye, kwa sababu sijawahi kumkuta na kuku aliyeandaliwa kabla hatujafika.

Mgeni kutoka Kisumu

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa ziwa. Nimesoma michango yenu nikiona kwamba tunakula samaki walewale kwa majina tofauti. Dagaa wenu kwetu ni omena, na Waganda humwita mukene. Sangara kwetu ni mbuta. Sato tunamwita ngege, jina ambalo nasikia kwenu wazee hulitumia kwa samaki mwingine.

Mahali ninapopapenda ni Dunga, ufukweni. Unamchagua samaki wako kabla hajaingia jikoni, wanamkaanga kwanza akakauka, kisha wanamtia kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu kwa muda mfupi, ili ngozi ilainike kwa nje na ndani abaki imara. Anakuja na ugali na mboga za kienyeji zenye uchungu kidogo: osuga, ambayo nadhani ninyi mwaiita mnavu, au dek, yaani mgagani. Ule uchungu ndio unaomfanya samaki asikinaishe. Nilipotembelea Mwanza nilipenda samaki wenu, lakini nilihuzunika kuona migahawa mingi ikimleta na kachumbari pekee. Kwa heshima, naomba mrudishe mboga chungu mezani.

Mzee wa Nansio

Wanangu, nimefurahi kusoma. Nilizaliwa Ukerewe mwaka 1951, na huyo ngege ambaye mgeni wetu amemtaja namkumbuka. Ndiye aliyekuwa samaki wetu wa asili, pamoja na ningu, nembe, domodomo na furu wa kila aina. Sangara na sato mnaowasifu waliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na kadiri sangara alivyoongezeka ndivyo furu walivyopungua, mpaka kufikia miaka ya 1980 tulikuwa tukitupa nyavu na kutoa samaki wa aina mbili au tatu tu.

Siwasemi vibaya hao wageni. Wamesomesha watoto wangu. Lakini mgahawa ninaourudia hapa Nansio ni ule ambao mara mojamoja hupika furu. Ni samaki mdogo mwenye miiba mingi, na vijana hawana subira naye. Mpishi humchemsha na nyanya chungu, nami humla taratibu na ugali wa muhogo mweusi kidogo, kama aliokuwa akiusonga mama yangu. Ningu sijamwonja kwa zaidi ya miaka kumi.

Mla Samaki wa Kirumba

Nawashukuru wote. Mgeni wa Kisumu, ombi lako nimelifikisha, na mama amenijibu kwamba mgagani anaupika nyumbani kwake kila siku, ila alidhani wateja wa mjini hawautaki. Jumatatu aliuleta kwenye sufuria ndogo na ukaisha kabla ya saa saba.

Mzee wangu wa Nansio, shikamoo. Nilimsomea mchango wako akiwa anapara samaki, naye akaacha kisu. Anasema ningu bado hupatikana, lakini ni wakati wa mvua kubwa, mito inapojaa na samaki huyo anapopanda mtoni kutaga mayai, na wanaomleta sokoni ni wachache sana. Amemwagiza mvuvi mmoja wa upande wa Magu ambaye huwapata. Akishamweka mkononi atanipigia simu hata kama ni alfajiri, nami nitakujulisha papo hapo, ili upande meli ya asubuhi na umkute bado hajaingia chunguni.